Saluti kwa Koplo Bata

3 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limeacha ubishi. Mimi sijambo, isipokuwa buti za serikali zimenichubua visigino vyote viwili, natembea kama ninayekanyaga mayai. Baba akiuliza, mwambie natembea vizuri.

Naandika kwa kuwa simu umeikataa. Wewe husema kisichoandikwa hakikutokea, na hapa kituoni wanasema hivyo hivyo, kwa hiyo najiona kama sijatoka nyumbani.

Kituo chetu ni kidogo. Kuna kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya walalamikaji, benchi moja, saa ya ukutani inayokwenda ikipigwa kofi, na selo mbili: moja ya mahabusu, nyingine ya miavuli iliyookotwa. Mkuu wa Kituo yuko mkutanini. Sijui ni mkutano gani, lakini tangu nifike yuko mkutanini. Kuna koplo tunayemwita Mluzi, maana hupiga mluzi hata akiandika maelezo ya msiba. Anayeendesha kila kitu ni Sajini. Ndiye anayepanga zamu, ndiye anayeshika funguo, na ndiye atakayeandika ripoti yangu ya majaribio tarehe 30 Juni. Akiandika "anafaa", nimeajiriwa. Akiandika "hafai", narudi kumsaidia Baba kuuza misumari dukani.

Nadhani nimeanza vizuri. Juzi wakati wa chai niliwasimulia ile hadithi yako ya askari aliyempigia saluti punda. Shangazi, walicheka! Mluzi alimwaga chai. Nilisimulia yote kama unavyosimulia kila tukikusanyika: punda wa kielelezo aliyefungwa uani, yule kuruta aliyeamriwa ampigie saluti kila akipita, na siku Kamanda alipokuja kukagua, kuruta akampigia saluti punda kwanza, Kamanda baadaye. Na lile jina, Mpambe wa Punda, sikulisahau.

Sajini peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaniuliza hadithi hiyo nimeitoa wapi. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni ya shangazi yangu, sajini mstaafu, na ilitokea kweli mbele ya macho yake. Akasema, "Aha." Basi.

Ni mtu mkimya. Naona tutaelewana.

Mwanao,
Chiriku


21 Februari

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Huku hatujambo. Baba yako amenunua baiskeli katika umri ambao wenzake wananunua fimbo. Ameanguka mara mbili, mara ya pili baiskeli ikiwa imesimama. Mama yako ameificha pampu. Visigino vyako visugue kwa sabuni kavu, na soksi uzivae mbili mbili.

Sasa nisikilize. Kazini ni mahali pa kusikiliza, si pa kusimulia. Mdomo wako ulianza kazi kabla ya miguu, ndiyo maana tukakuita Chiriku. Hadithi za nyumbani ziache nyumbani. Ile ya punda hasa. Si kwamba ina ubaya. Ni ya zamani tu, na punda mwenyewe alishakufa.

Halafu nauliza tu, bila sababu yoyote: huyo Sajini ana kovu juu ya jicho la kushoto? Na chai anainywa bila kutoa kijiko kikombeni, amekibana kwa kidole gumba? Usimuulize. Angalia tu, uniandikie.

Shangazi yako


15 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sabuni imesaidia, sasa natembea kama binadamu. Mpe Baba pole ya baiskeli, na Mama umpe hongera ya pampu.

Kovu lipo. Kijiko kipo. Kidole gumba kipo. Umejuaje?

Tumepata kielelezo kipya, bata mzinga dume, mkubwa kama mfuko wa saruji. Fundi viatu na muuza mkaa ni majirani, kila mmoja anadai ndege ni wake, na kesi iko mahakamani. Hakimu ameagiza kielelezo kitunzwe kikiwa hai. Kesi imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza hakimu aliumwa jino, mara ya pili muuza mkaa akaumwa jino, na sasa nadhani tunamsubiri fundi viatu. Nimekabidhiwa mimi nimtunze. Kila asubuhi naandika kitabuni: "Kielelezo kimeamka. Kimekula. Kimenidonoa."

Kuna jambo nataka kukuuliza, si langu, ni la rafiki yangu mmoja hapa kazini. Mkubwa wake amemkatia mnyama fulani tepe mbili za kadibodi, akamvika shingoni, akampa cheo cha koplo. Sasa anamwamuru rafiki yangu ampigie saluti kila akipita, kwa kuwa yeye ni konstebo na konstebo ni mdogo kwa koplo. Wenzake wanacheka. Hata yeye alicheka, siku ya kwanza. Afanyeje? Yuko salama kabisa, anauliza tu.

Mwanao,
Chiriku


10 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Barua yako haikuchelewa, nimechelewa mimi. Goti. Baba yako ameipata pampu. Ameanguka.

Kuhusu kovu, nilibahatisha.

Mwambie huyo rafiki yako aandike kila kitu, kwa tarehe na saa. Tena mwambie asitaje habari za ndugu zake huko kazini, shangazi wa watu hasa. Mambo hayo huisha yenyewe. Huwa yanaisha, nadhani.

Nakatisha hapa, nina nguo za kuanika.

Shangazi


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, nami mzima, na goti lako nalitakia heri. Rafiki yangu ni mimi. Najua ulijua.

Hayajaisha yenyewe. Bata mzinga anafungwa uani, na huko huko uani ndiko kuliko na choo, bomba la maji na bohari. Napita mara thelathini kwa siku, saluti thelathini. Nimeanza kupunguza maji ya kunywa. Nikisahau, Sajini ananirudisha mpaka mlangoni nianze upya. Naye Koplo Bata akipigiwa saluti anavimba, anatandaza mkia na kugugumia, kama anayesema "legeza".

Wenzangu wanakwenda doria, mimi nabaki na ndege. Maelezo ninayoandika Sajini anayachana mbele ya watu, anasema mwandiko wangu ni wa kuku, nikamwombe koplo wangu anifundishe. Mkuu wa Kituo alitoka mkutanini siku moja, akanikuta nimesimama kwenye mvua nimepiga saluti, akacheka, akarudi mkutanini. Wananiita Mpambe wa Bata. Juzi hata mahabusu ameniita hivyo kutoka selo. Mahabusu, Shangazi! Mwizi wa mabomba! Niliingia kwenye selo ya miavuli nikalia, kisha nikatoka nikasema nina mafua.

Mpambe. Neno hilo ni la hadithi yako, na aliyempelekea Sajini ni mimi kwa mdomo wangu. Kila ninachofanyiwa kimo kwenye hadithi ile. Nimeicheka tangu nikiwa na meno ya utotoni, na sikuwahi kuuliza yule kuruta aliishia wapi. Aliishia wapi, Shangazi? Na ukifika pale kwenye saluti, wewe husema "akaamriwa". Akaamriwa na nani?

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nimeitia kwenye buti la kushoto la akiba. Kazi hii nimeitaka tangu nilipojaribu kofia yako ikanifika mabegani. Nisaidie nisiitoe.

Chiriku


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi mzima sasa.

Baba ameniandikia kwamba goti lako limepona, na Jumapili ulimkimbiza mbuzi wa jirani mpaka barabarani ukamshinda. Kwa hiyo na mkono wa kuandikia haujavunjika.

Ripoti inaandikwa tarehe 30. Sitangoja niambiwe sifai. Tarehe 29 naitoa barua kwenye buti.

Chiriku


19 Juni

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Nyumbani ni wazima. Mbuzi nilimshinda, ni kweli.

Nimechana karatasi saba. Hii ya nane siichani. Aliyemwamuru ni mimi.

Alikuja kituoni kwetu miaka ishirini na miwili iliyopita, mwembamba, mkanda umemzunguka mara moja na nusu. Mimi nilikuwa na tepe tatu mpya, mwanamke peke yangu pale, na wanaume walinicheka kutwa. Nilipompata wa kuchekwa badala yangu, nilipumzika. Jina la Mpambe nililitunga mimi. Nililitunga nikichana nywele, nikajipongeza kwenye kioo.

Lile kovu, alijikwaa kwenye ndoo ya punda akikimbilia kupiga saluti. Sikulitia kwenye hadithi kwa sababu halichekeshi. Siku ya Kamanda nayo haikuishia kwenye kicheko. Kamanda aliuliza, "Nani kamfundisha huyu upuuzi huu?" Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nikatazama mbele kama mlingoti wa bendera, nikanyamaza. Kijana akapewa adhabu ya siku kumi na nne, na cheo chake kikacheleweshwa miaka mitatu. Mimi nikapata hadithi. Kila mlipocheka niliona kumbe haikuwa mbaya sana, ndiyo maana nilikuwa naisimulia kila mara.

Uliponiandikia kwamba alisema "Aha", moyo ulinishuka. Kovu nilikuuliza nikiomba useme halipo. Kisha nikakwambia usitaje shangazi wa watu. Nilikuwa najikinga mimi, wewe nikakuacha na bata mzinga. Naona haya, Chiriku. Uzee huu wote na naona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Barua yako iache kwenye buti. Nitafika tarehe 28. Usije kunipokea stendi, goti linaijua njia ya kituo cha polisi.

Shangazi yako


3 Julai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na safari yako naipa pole. Umekuja na kuondoka bila kuniona! Unajua nilikuwa wapi tarehe 28? Mahakamani, na bata mzinga. Fundi viatu hatimaye aliumwa jino, lakini alikuja hivyo hivyo na shavu limevimba.

Nikuambie kwanza ya mahakamani, maana nisipoyasema nitapasuka. Hakimu aliingia, watu wote wakasimama. Bata naye akajitandaza pale kwenye meza ya vielelezo. Mkono wangu ukapanda wenyewe, Shangazi! Nikampigia saluti, kisigino kwa kisigino, mbele ya mahakama nzima. Hakimu akashusha miwani. "Konstebo, unampigia nani saluti?" Nikasema, "Koplo, Mheshimiwa." Karani alijificha chini ya meza. Pale pale nilimwona yule kuruta wako, nikamwelewa mpaka mifupani.

Hakimu akaagiza ndege ashushwe chini, fundi viatu aite upande huu, muuza mkaa upande ule, tuone atamfuata nani. Wakaita mpaka sauti zikakauka. Bata aliwatazama wote wawili, akageuka, akanifuata mimi. Fundi viatu akasema huyu hata si wake, wake alikuwa na adabu. Muuza mkaa akasema hivyo hivyo. Kesi imefutwa, na sasa ndege hana mwenyewe, ameandikishwa kama mali iliyookotwa, pamoja na miavuli.

Niliporudi kituoni nilikuta kimya. Mluzi hakuwa anapiga mluzi. Alinisogezea kitabu cha matukio tu, akaniwekea kidole kwenye ukurasa. Nakunakilia, ingawa ulikuwepo, maana najua ulitia sahihi bila miwani:

"28 Juni, saa nne na dakika kumi asubuhi. Amefika kituoni mwanamke mtu mzima, sajini mstaafu, anayechechemea goti la kulia, akidai amekuja kujiripoti mwenyewe. Ameelezwa kwamba kosa analolitaja ni la miaka ishirini na miwili iliyopita. Amesema hesabu anaijua. Ameshauriwa akapumzike. Amekataa, amepiga kaunta kwa kiganja na kutaka aandikwe, kwa kuwa kisichoandikwa hakikutokea. Anaeleza kwamba alimwamuru kuruta mmoja ampigie saluti punda kwa miezi minne, akamtungia jina la kumdhalilisha, na Kamanda alipouliza, akanyamaza. Ameulizwa jina la kuruta huyo. Amelitaja lote, pamoja na cheo chake cha sasa. Mwandishi ameomba dakika moja. Mtuhumiwa anaomba radhi. Ameombwa arudie kwa ajili ya kumbukumbu. Amerudia. Ameombwa arudie tena. Amerudia, akaongeza kwamba goti linamuuma. Amesomewa maelezo yake, amekiri ni sahihi, ametia sahihi. Hatua iliyochukuliwa: mtuhumiwa amepewa kiti na chai."

Mwandiko ni wa Sajini. Kwenye neno "punda" wino umesambaa. Mluzi anaapa ni chai.

Kesho yake kwenye gwaride Sajini alitoka mstari wa mbele akiwa na zile tepe za kadibodi mkononi. Alikohoa sana, mpaka nikadhani ataahirisha. Kisha akasema, "Huyu konstebo nimemwonea miezi minne. Hakunikosea kitu. Alisimulia hadithi tu." Akazichana tepe. "Miaka yote hii nilidhani siku nikimpata wa kumfanyia, itanitoka. Haikunitoka. Sasa tumekuwa wawili." Nililia, Shangazi, na safari hii sikusingizia mafua. Halafu akamgeukia Mkuu wa Kituo, ambaye siku hiyo kwa bahati mbaya hakuwa na mkutano, akamtazama mpaka naye akaomba radhi akivitazama viatu vyake. Waliofuata walikuwa wale wengine wote. Mluzi alitaka kusema jambo refu, likatoka mluzi.

Ripoti yangu ina maneno matatu: "Anafaa. Apelekwe doria." Ile barua niliitoa kwenye buti nikampa Bata, akaila yote pamoja na sahihi. Ameshushwa cheo lakini hamu ya kula hajapoteza.

Sijamsamehe Sajini yote. Bado nikiingia uani mkono unanicheza. Nimemsamehe mpaka magotini, kilichobaki kinakuja polepole. Na wewe pia, Shangazi, usidhani nimesahau ule mwezi mzima wa kimya. Wewe nimekusamehe goti la kushoto tu.

Kwa nini hukunisubiri?

Mwanao,
Chiriku


25 Julai

Chiriku, konstebo kamili,

Marahaba, mwanangu. Goti la kushoto linashukuru. La kulia linasubiri zamu yake, na halina haraka.

Sikukusubiri kwa sababu niliogopa uso wako. Nimewahi kumkabili mwizi mwenye panga nikiwa na filimbi peke yake, lakini uso wako ulinishinda. Ile chai tuliinywa, mimi na Sajini wako, pande mbili za kaunta, yeye na kijiko chake ndani ya kikombe. Nilipoinuka kuondoka alinifungulia mlango. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Aliniambia tu niangalie ngazi, ya mwisho imevunjika.

Jumapili tulikusanyika kwa baba yako kusherehekea ajira yako bila wewe. Baada ya kula watoto wakaanza: "Shangazi, punda! Shangazi, punda!" Nikashika goti. Baba yako akasema, "Isimulie, dada." Barua zako huwa anazisoma kwenye bahasha, juu ya taa. Usimwambie nimekuambia.

Basi nikaisimulia. Ila sikusema "akaamriwa". Nilisema "nikamwamuru". Nikatia ndoo, nikatia damu juu ya jicho, nikatia Kamanda na swali lake, na mimi nimesimama pale kama mlingoti. Hakucheka mtu. Mdogo wako wa mwisho akakunja uso, akauliza, "Sasa mbona zamani ilikuwa inachekesha?" Nikamwambia, "Kwa sababu zamani nilikuwa najitoa ndani yake." Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Tangu siku hiyo wananifuata wanataka nyingine. Ninayo. Ninayo ya bata mzinga mbele ya hakimu, na karani chini ya meza, na ni hadithi tamu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo mdomoni. Lakini aliyepiga saluti ni wewe, kwa hiyo hadithi ni yako. Sijamwambia mtu hata neno. Ukikataa nitakufa nayo, ingawa naona ndiyo itakayoniua. Andika haraka, mwanangu, ndiyo au hapana. Nimeweka kiganja mdomoni, na watoto wamenizunguka.

Shangazi yako